Inzi wa Manyoya: Chambo Kisicholiwa

Kila mmoja wetu ajua namna ya kuvua kwa ndoana. Hutiwa mnyoo, au kipande cha dagaa, au donge la ugali, na samaki ajapo kula hunaswa. Chambo ni chakula kweli, na samaki hudanganywa kwa jambo moja tu, nalo ni ile ndoana iliyofichwa ndani yake. Leo nataka kuwaeleza habari za uvuvi wa namna nyingine, ambao ndani yake hamna chakula hata kidogo. Ndoana huvikwa uzi, na manyoya ya jogoo, na manyoya ya sungura, ikafanywa ifanane na inzi. Na samaki, ambaye macho yake ni makali kuliko tudhanivyo, huja akaikamata. Jambo hili lawezekanaje? Na kwa nini mtu awezaye kupata mnyoo bure chini ya jiwe ajitaabishe kwa manyoya?

Jibu la swali la kwanza mwalijua tayari, ijapokuwa labda hamkupata kulifikiri. Mvua zikianza kunyesha, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu, na siku ile kila kiumbe huwa na karamu: kuku, vyura, ndege, paka, hata watoto watokao shuleni. Wakaao kando ya Ziwa Nyasa na Ziwa Victoria wameona jambo kubwa zaidi, maana huko inzi wadogo huinuka juu ya maji kama moshi wa moto wa nyika, na watu huwakamata, wakawaponda, wakawafanya mikate. Basi samaki naye ana kumbikumbi wake.

Chini ya mawe ya mito ya baridi huishi watoto wa wadudu wa aina nyingi. Aliye mashuhuri kwa wavuvi ni yule ambaye Waingereza humwita inzi wa Mei. Akiwa mtoto hukaa majini hata mwaka mzima, pengine miwili, akila ule utelezi ulio juu ya mawe. Siku yake ikiwadia huogelea kwenda juu, ngozi yake hupasuka mgongoni, na ndani yake hutoka mdudu mwenye mabawa yaliyosimama kama tanga la mashua. Huchukuliwa na mkondo kitambo, kisha huruka. Mdudu huyu akiisha kuwa mzima hana kinywa kifaacho kulia; hali kitu tena mpaka kufa kwake. Kazi iliyobaki ni kupata mwenzi na kutaga mayai, na maisha yake ya angani ni ya saa chache, au siku moja mbili.

Samaki anayengoja wadudu hawa kuliko wote huitwa trauti. Ni samaki mwenye madoadoa, wa jamaa moja na samoni. Hukaa mahali pake mtoni, nyuma ya jiwe au chini ya ukingo uliochimbika, kichwa kikielekea maji yatokako, akingoja mkondo umletee riziki. Kumkimbilia kila mdudu kungemchosha bure. Wadudu wa aina moja wanapotoka kwa wingi, yeye hulizoea umbo lile moja na ukubwa ule mmoja, akaviacha vyote vingine. Hapo mnyoo mnono hupita mbele ya pua yake naye asiuguse. Ndiyo maana mvuvi mwenye mnyoo aweza kurudi mikono mitupu jioni ile ile ambayo mwenzake mwenye manyoya amepata samaki watano.

Hila hii ni ya kale sana. Mwandishi mmoja wa Roma jina lake Aelian, aliyeandika kwa Kiyunani yapata mwaka 200 baada ya Kristo kuzaliwa, asimulia habari za wavuvi wa Makedonia katika mto uitwao Astraeus. Mtoni humo, asema, mna samaki wenye madoadoa walao inzi aelekaye juu ya maji. Lakini inzi huyo hawezi kutumiwa kuwa chambo, maana akishikwa kwa mkono wa mtu rangi yake hupotea na mabawa yake hunyauka. Basi wale wavuvi walizungusha sufu nyekundu juu ya ndoana, wakafunga manyoya mawili yaotayo chini ya undu wa jogoo, yenye rangi kama nta. Ufito wao ulikuwa na urefu wa futi 6, na mshipi kadiri iyo hiyo. Ukisoma habari hiyo waona kwamba jambo lenyewe limekwisha kutimia: mdudu wa kweli hashikiki, kwa hiyo imempasa mtu kumtazama sana, kisha kumfanya upya.

Huko Uingereza, kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1496 kilitoa orodha ya inzi 12 wa bandia, na kila mmoja alitajiwa mwezi wake. Mwaka 1653 Izaak Walton alitoa kitabu chake juu ya uvuvi, ambacho chasomwa hata leo, na katika chapa ya mwaka 1676 rafiki yake Charles Cotton aliongeza sehemu nzima juu ya inzi. Ila kusoma ni kitu kimoja, na kufunga inzi ni kitu kingine. Basi tumtazame fundi kazini.

Hukaa mezani mbele ya jiliwa ndogo iliyobana ndoana. Ndoana yenyewe pengine si kubwa kuliko punje ya mpunga. Kwanza huzungusha uzi mwembamba kutoka shingoni pa ndoana mpaka pale inapoanza kupinda. Hapo hufunga nyuzi tatu nne za unyoya wa jogoo ziwe mkia. Kisha huchukua manyoya laini ya sungura, chembe tu, akayasokota juu ya uzi uliopakwa nta, na uzi huo akauzungusha kurudi mbele, ukawa kiwiliwili. Mwisho huchukua unyoya wa shingo ya jogoo, akaushika kwa ncha na kuuzungusha karibu na tundu la ndoana, hata nyuzi zake zote husimama pande zote mithili ya miguu. Hufunga fundo, hukata uzi, hutia tone la vanishi. Fundi hodari hafanyi haya kwa kukazia macho. Vidole vyake vyajua njia.

Mtauliza, kwa nini jogoo, asiwe kuku jike? Hapa pana elimu. Manyoya ya shingo ya jogoo ni magumu, yametameta, wala hayashiki maji upesi. Inzi aliyefungwa kwayo husimama juu ya maji kwa ncha za nyuzi zake kama mdudu asimamavyo kwa miguu yake. Manyoya ya kuku jike ni laini na hunywa maji. Inzi wake huzama, na nyuzi zake huchezacheza katika mkondo kana kwamba zina uhai. Kwa hiyo mvuvi atakaye inzi wa juu hutafuta jogoo, na atakaye inzi wa chini hutafuta jike. Rangi nayo hutazamwa, lakini kwa maoni yangu wavuvi wengi huipa heshima ipitayo kiasi. Trauti humwona inzi toka chini, mara nyingi kama kivuli mbele ya nuru ya mbingu, na ukubwa ukikosewa rangi haitaokoa kitu.

Sasa yafuata jambo linalowashinda wengi, nalo ni kumtupa inzi huyu. Chukueni unyoya mmoja wa kuku mkautupe kwa nguvu zenu zote: utaanguka miguuni penu. Mvuvi wa mnyoo hana taabu hii, maana hufunga chubwi la risasi, na uzito wake hukokota mshipi nyuma. Inzi wa manyoya hana uzito wa kutajika. Basi mambo yamepinduliwa: uzito umetiwa katika mshipi wenyewe, na inzi hufuata tu. Mkumbukeni mchunga ng'ombe na mjeledi wake. Nguvu hutoka mkononi, hupita katika mpini, hukimbia ndani ya ugwe kama wimbi, na ncha iliyo nyembamba huenda mbali pasipo kitu kizito kuivuta.

Zamani mshipi huo ulisokotwa kwa singa za mkia wa farasi, baadaye kwa hariri iliyotiwa mafuta. Siku hizi hufanywa kwa uzi uliovikwa plastiki. Mwishoni huungwa kipande chembamba kisichoonekana sana majini, nacho siku hizi ni nailoni, ili samaki asione kamba nene imeshikamana na chakula chake. Ufito huwa na urefu wa futi 8 au 9. Mafundi wa zamani waliupasua mwanzi wa Uchina vipande sita vya pembe tatu na kuvigandisha kwa gundi, na wako wavuvi waupendao mwanzi hata leo, ingawa fito nyingi sasa ni za kaboni, nyepesi mno.

Mvuvi huinua ufito kwa kasi hata upite kidogo juu ya bega lake, hapo akauzuia. Mshipi huruka nyuma yake. Na hapa ndipo wanafunzi hukosea, maana hawangoji. Yapasa kungoja mpaka mshipi umenyoka kabisa huko nyuma, ndipo kuusukuma mbele. Asipongoja, mshipi hulia kama mjeledi, na inzi hukatika akapotelea nyasini. Akingoja mno, mshipi huanguka na ndoana hushika kichaka. Akipatia, mshipi hukunjuka mbele yake polepole, na inzi hutua juu ya maji kama unyoya uliodondoka toka kwa ndege apitaye.

Kutua vizuri hakutoshi. Mkondo wa katikati ya mto ni wa kasi kuliko ule wa kando, nao huushika mshipi na kumvuta inzi, hata akaenda juu ya maji akiacha mfuo nyuma yake kama ngalawa. Mdudu gani wa kweli aendaye hivyo? Trauti humtazama, hugeuka, huenda zake. Kwa hiyo mvuvi hulegeza mshipi kidogo, ili kwa sekunde tano sita inzi aende na maji kama kitu kisichofungwa. Sekunde hizo ndizo uvuvi wote.

Tena kuna hila ya macho. Nuru iingiapo majini hupindwa, na kwa sababu hiyo samaki huiona dunia ya juu kwa njia ya dirisha la mviringo lililo juu ya kichwa chake. Nje ya dirisha hilo uso wa maji kwake ni kama kioo, humwonyesha changarawe za chini. Kadiri akaavyo karibu na uso wa maji, ndivyo dirisha lake lilivyo dogo. Lakini mtu aliyesimama wima ukingoni huonekana katika ukingo wa dirisha hilo, na mkono upungao huonekana zaidi. Ndiyo sababu mwaweza kumwona mtu mzima, mwenye mvi na heshima zake, akitambaa kwa magoti majanini akimnyatia samaki kwa nyuma.

Waingereza waligombana sana juu ya inzi gani ni wa haki. Katika mito miangavu ya Hampshire, Test na Itchen, bwana mmoja jina lake Frederic Halford alifundisha kwamba yapasa kutumia inzi aelekaye juu tu, na kumtupia samaki aliyekwisha kuonekana akila. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1886, na wafuasi wake wakaligeuza shauri lake kuwa kama sheria. Kisha akaja G. E. M. Skues, mwanasheria wa London. Yeye alikuwa akiingiza kijiko chembamba cha kutolea uboho katika koo la trauti aliyemvua, akakitoa kile alichokula na kukitazama ndani ya sahani ya maji. Aliona ya kuwa sehemu kubwa ya chakula si wadudu wenye mabawa, bali ni watoto wao, walioliwa chini kabla hawajafika juu. Akawafunga inzi wa kuwaiga watoto hao, na mwaka 1910 akatoa kitabu chake. Hata mwaka 1938 jambo hilo lilikuwa likijadiliwa London katika chama cha wavuvi, wazee wakiulizana kama ni uungwana kumvua samaki kwa inzi azamaye. Mimi naona ni ugomvi wa watu walioshiba. Lakini kijiko na sahani ya Skues navipenda, kwa maana hakubishana na samaki, alimwuliza amekula nini.

Kwa samoni mambo ni ya ajabu. Samaki huyu akirudi toka baharini kuingia mtoni ili azae, huacha kula. Lakini aonapo inzi wa rangi nyingi pengine humkamata, na sababu yake watu hawajapatana mpaka leo. Kwa kuwa hapakuwa na mdudu wa kuigwa, mafundi wa Uingereza wa karne ya 19 walifuata fahari tu, wakitumia manyoya ya ndege wa thamani toka India na Amerika ya Kusini. Tamaa hiyo haijafa. Mwaka 2009 kijana mmoja mwanafunzi wa muziki alivunja dirisha la jumba la makumbusho la Tring, Uingereza, akaiba ngozi 299 za ndege ili kuuza manyoya yao kwa wafunga inzi wa samoni. Baadhi ya ngozi hizo zilikusanywa na Alfred Russel Wallace zaidi ya miaka 150 kabla ya siku ile. Alikamatwa, lakini ngozi nyingi zilikuwa zimekwisha kung'olewa manyoya na vibandiko vyao vya majina, na ndege asiye na habari ya mahali alipotoka hamfai tena mtaalamu.

Nanyi mtasema, yote haya ni ya Ulaya, kwetu yametufikiaje? Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule aliyekuwa amesafiri toka Cape hata Cairo, alileta mbegu ya trauti wa Loch Leven, Uskochi, ikatiwa katika mto Gura, milima ya Nyandarua huko Kenya. Mwaka 1910 trauti wa aina ya pili, mwenye mstari wa rangi ya waridi ubavuni, aliletwa toka Afrika ya Kusini. Mito ya juu ya Nyandarua na Mlima Kenya iliwafaa, ingawa ni karibu na mstari wa ikweta, kwa sababu maji ya milimani ni baridi. Trauti apenda maji yasiyopita sana digrii 20 za Sentigredi. Yakikaribia 25 huhangaika, kwa kuwa maji ya moto hayashiki hewa ya kutosha.

Haki yatupasa kusema kwamba samaki huyu aliletwa kwa ajili ya mchezo wa walowezi, wala hakuna aliyewauliza wenyeji wa kando ya mito. Wakikuyu wa zamani hawakula samaki kabisa, na yamkini waliwaona wazungu hawa wenye fito kuwa watu wa ajabu, wakitembea majini mchana kutwa kutafuta kitu kisichokuwa chakula. Tena trauti si mgeni mpole. Huko Lesotho, samaki mdogo wa asili apatikanaye katika mito ya nchi ile amepunguzwa sana na trauti waliotiwa humo, hata yumo hatarini.

Katika mito mingi ya trauti sheria huruhusu inzi wa manyoya tu, wala si mnyoo. Watu wengine hudhani ni majivuno ya matajiri, na labda hayakosekani. Lakini iko sababu. Mnyoo humezwa, ndoana ikaingia mpaka tumboni, na samaki mdogo akirudishwa majini hufa. Inzi wa manyoya hana ladha. Trauti akikosa kunaswa upesi humtema, na akinaswa ndoana huwa mdomoni, hutolewa kwa vidole naye akaenda zake.

Leo kazi hii imepata njia nyingine. Kenya ni mojawapo ya nchi zinazofunga inzi kwa mikono na kuwapeleka ng'ambo. Mafundi, wanawake kwa wanaume, hukaa mbele ya jiliwa zao, wakawahesabu inzi kwa dazani, nao wakauzwa madukani Ulaya na Marekani. Mashine haijaweza kazi hii, kwa kuwa hakuna unyoya ulio sawa na mwenziwe, na kidole lazima kihisi. Fundi aweza kulea watoto wake kwa kazi hiyo asipate kumwona trauti hata siku moja.

Ila fundi hufunga inzi wa mito, na mito yategemea kitu kimoja ambacho hakifungwi kwa uzi. Msitu ukikatwa juu ya mlima, jua hulipiga maji, na mvua huuteremsha udongo. Udongo ule hujaza nafasi zilizo kati ya mawe, na hizo ndizo nyumba za watoto wa wadudu. Hawa hufa kwanza, kabla ya samaki, na kabla watu wa chini hawajaona kwamba maji ya kunywa yameharibika. Mvuvi ajuaye kazi yake hafungui sanduku lake la inzi mara afikapo mtoni. Huingia majini, huliinua jiwe la ukubwa wa mkate na kuligeuza. Akiona wadudu bapa wenye mikia mitatu wakikimbilia kivulini, na viota vidogo vya mchanga vilivyogandamana na jiwe, maji ni safi na baridi, naye huchagua inzi afananaye na aliowaona. Nanyi wanafunzi mwaweza kulifanya jambo hilo katika kijito cha kijijini kwenu, bila ufito wala ndoana. Lakini kama chini ya mawe mna tope tu, na vijidudu vyekundu kama nyuzi vijinyonganyongavyo, hao ni wale wavumiliao maji machafu. Hapo hakuna inzi wa kumtupa.